Shangazi Yako Hahitaji "Usikate Tamaa"

"Shikamoo Mwalimu. Naomba shairi la kutia moyo, fupi, nimtumie shangazi yangu, kafiwa na mumewe."

Marahaba, mwanangu. Sina.

Mashairi ninayo, kabati limejaa hadi mlango haufungi. Nisilokuwa nalo ni hilo unalolitaka wewe: beti mbili zinazoenea kwenye kioo cha simu, juu yake picha ya jua linachomoza, na mshororo wa mwisho ukimwambia mjane wa siku tatu kwamba baada ya dhiki faraja. Ombi hili hunijia kila msiba unapopita, na misiba haikosi. Leo nimeona nijibu mara moja kwa wote.

Nimezeeka nikifundisha ushairi, na Jumamosi alasiri nasimamia kikundi cha kusoma hapa Tanga. Wanakuja wajane, wanakuja wastaafu wanaozungushwa na mafao yao, anakuja kijana mmoja aliyemaliza kifungo. Tunasoma mashairi na tawasifu, yaani vitabu ambamo mtu anasimulia maisha yake mwenyewe. Imani ninayogombana nayo humo ndani ndiyo hiyo hiyo ya kwako: kwamba shairi la matumaini ni lile linalotaja matumaini. Mmoja wao aliwahi kuazima *Sikate Tamaa*, diwani ya mashairi ya Said Ahmed Mohamed, kwa sababu ya jina lililo kwenye jalada. Akakirudisha kitabu amenuna. Alitegemea kubembelezwa, akakutana na dhuluma na watu wanaonyonywa. Nikamwambia akisome tena. Hajakisoma.

Lawama nyingine ni yetu walimu. Tumewazoesha watu kuligeuza kila shairi kuwa swali la mtihani: dhamira ipi, ujumbe gani, unajifunza nini. Mtu aliyepita kwenye mikono yetu hawezi kusoma beti nne bila kutafuta funzo, na akilipata anaona shairi limekwisha kazi.

Tuchukue diwani ya *Sauti ya Dhiki*. Mtunzi wake, Abdilatif Abdalla wa Mombasa, alifungwa Kenya kwa sababu ya waraka wa 1968 ulioitwa *Kenya: Twendapi?* Kati ya 1969 na 1972 akatunga akiwa kifungoni, akiandika kwenye karatasi za chooni. Kitabu kikatoka 1973, na mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. (Kuna siku kichekesho hicho peke yake kimefanya kazi kuliko mashairi yenyewe.)

Sasa, watu hulikata "Siwati", shairi la humo, wakalituma kama shairi la kutia moyo. Hapo ndipo ninapokereka. "Siwati" halimtii mtu moyo. Halimwambii msomaji afanye chochote. Mtu amefungiwa, anasema kwa Kimvita chake, lahaja ya Mombasa, kwamba yeye haachi alichokishika, basi. "Usikate tamaa" ni amri, na mara nyingi anayeitoa ameshakula na kushiba, anamwamrisha aliyelala chini. "Siwati" anaisema aliyelala chini mwenyewe. Msomaji haamrishwi, anasikia tu kwamba kuna mwenzake. Mkilitoa shairi hilo kifungoni mkalibandika picha ya machweo, mmelirudisha kuwa amri.

Halafu someni "Jipu", la kitabu hicho hicho. Hakuna faraja mle, ni jipu lenye kuuma na usaha wake. Tulipolighani kikundini, mstaafu wetu mmoja alicheka mpaka akavua miwani, na nadhani ndiyo siku aliyoondoka amechangamka kuliko zote. Hasira iliyopangwa vizuri nayo humnyanyua mtu. Hilo halimo kwenye mwongozo wowote wa fasihi nilioufundishia.

Nimesema iliyopangwa, na hapa naomba mnivumilie. Watu wanadhani vina na mizani ni pambo. Mfungwa asiyeruhusiwa karatasi anahitaji tungo inayokaa kichwani. Mizani nane ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo), nane utao (nusu ya pili), kina cha kati, kina cha mwisho: ukisahau neno, kina kinakukumbusha, na ukilikosea, mizani inakushtaki. Mfiwa naye yuko katika hali ya kufanana na hiyo. Akili yake haikai. Mpe ukurasa wa gazeti, atasoma sentensi ya kwanza mara tano. Mpe tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, aighani kwa sauti, pumzi yake itamfikisha kwenye kituo apende asipende, kwa sababu mshororo una mwisho unaojulikana. Kisha ubeti unaofuata nao una mwisho unaojulikana. Nimemwona mjane aliyekuwa hamalizi hata barua ya ofisini akimaliza beti kumi, bila hata kuulizwa shairi lilihusu nini. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "mimi naangalia ujumbe tu, vina havinihusu," damu inachemka.

Kwa haki nikiri kwamba nadharia yangu inavuja. Yule kijana aliyetoka jela hataki kabisa kusikia tarbia. Anasema mpangilio ule unamchosha, na maisha yake hayakwenda kwa urari. Yeye na *Kichomi* ya Kezilahabi hawaachani, tungo huru tupu zisizofuata vina wala mizani, na zinamsaidia waziwazi. Sijui nimweleze vipi, nimeacha kujaribu.

Jambo la pili, hili nitalipitia haraka. Shairi lililotungwa ndani ya dhiki halijui mwisho wake. Tawasifu inaujua, maana mwandishi ameshapona vya kutosha hata akakaa kuandika. Mwenye machungu anahitaji vyote viwili, ndiyo maana nashikilia *Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini*, tawasifu ya Shaaban Robert. Shaaban Robert anaandika nathari yake ile ya taratibu, ya karani wa serikali, kazi na uhamisho. Mke wake anafariki, na nathari inakatika: linakuja shairi, "Amina", jina la marehemu. Baada yake nathari inarudi. Kuna watoto wa kulea, kuna ofisi, na anawatungia watoto wale tenzi za wasia. Wajane wetu husimama hapo. Mmoja alikasirika: "Yaani ukurasa wa pili tu anaendelea na kazi?" Ndiyo, anaendelea na kazi. Tulibishana juu ya ukurasa huo hadi magharibi.

Vitabu vya shule vinamsifu Shaaban kwa subira. Mimi nina wasiwasi kidogo. Tawasifu yake haisemi lolote kuhusu utoto wake, na mtu anayenyamazia utoto anaweza kunyamazia mengine. Pengine subira ile ilikuwa adabu ya mwandishi zaidi ya hali ya moyo. Siwezi kuthibitisha. Lakini msomaji asije akajiona dhaifu kwa kuwa analia zaidi ya kitabu.

Wasiwasi wa namna hiyo hunijia pia kwa Mwana Kupona, mshairi wa kike wa zamani wa pwani ya Kenya. Utendi wake wa 1858 aliutunga kwa ajili ya binti yake, maradhi yakiwa yamemshika mwaka mzima, na hakuna tungo inayonipa nguvu kuliko ile ya mama anayekufa huku akishughulika na maisha ya mwanawe. Lakini tulipofika beti za kumtii mume, wasichana wawili walifunga daftari, na mmoja ametoka kwenye ndoa ya vipigo. Nilimwelewa. Kinachomwinua mmoja kinaweza kumkaba mwingine, na anayekwambia ana orodha ya mashairi ya uponyaji hajakaa na watu.

Ukitaka shairi lenye faida ya mkononi, nenda kwa Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa masimulizi ya kale ya Waswahili. Yuko gerezani, anamwimbia kijakazi amfikishie mama yake ujumbe: oka mkate, ndani yake weka tupa ya kukatia chuma. Walinzi wanausikia wimbo na hawaambulii kitu. Mkate wa wishwa, yaani pumba, unaachwa umfikie kwa kuwa hauna mvuto, na pingu zinakatwa. Hakuna "usikate tamaa" hata moja mle.

Tena siapi kwamba kinachosaidia kikundini ni kusoma. Huenda ni chai na vitumbua, au kuwa na pa kwenda Jumamosi. Na wanaokuja ni wale walioweza kuvaa viatu na kutoka, wasioweza siwaoni. Aliyeacha kula na kulala, anayesema hataki kuishi, huyo mpeleke hospitali leo, mashairi baadaye.

Kuhusu shangazi yako: usimtumie kitu sasa. Nyumba imejaa watu, na simu yake imejaa dua. Ngoja arobaini ipite, wageni waondoke, kisha nenda wewe mwenyewe na kitabu cha Shaaban. Maktaba za shule nyingi zinacho, hata kama jalada limechanika. Usimrushe mpaka kwenye "Amina", anza nyuma kidogo, kwenye mambo ya kazi, umsomee kwa sauti. Asipotaka, msomee gazeti. Na akikukatiza katikati ya ubeti aanze kukuhadithia habari za marehemu mjomba wako, funga kitabu, mengine mtasoma siku nyingine.