Hiyo sifuri yako ni ya nini?

Juzi kijana mmoja wa Ngamiani kaniletea kodi, yaani maandishi ya programu, ya lugha ya C niikague. Vigeu kumi na viwili, yaani majina ya kushikia thamani, vimejipanga mwanzoni mwa fankisheni, kipande cha programu chenye kazi yake, kila kimoja kimetiwa sifuri. Kwa nini? "Kaka, ndiyo usalama." Jibu hili nimelisikia mpaka masikio yameota sugu.

Kigeu cha ndani ya fankisheni usipokipa thamani kina takataka za steki, yaani mabaki ya kumbukumbu iliyokwisha kutumika. Vya static, vinavyodumu programu nzima, vinaanza na sifuri vyenyewe. Ukiomba kumbukumbu, malloc inakupa bila kuifuta, calloc inaijaza sifuri. Hayo unayajua, twende.

Niliwahi kuandika programu ya mizani ya mnunuzi wa machungwa kule Muheza. Madaraja matatu, kila daraja bei yake. Juu nikaandika int bei = 0; chini nikaweka sharti (if) la daraja la kwanza na la pili. La tatu nikalisahau. Programu haikuanguka wala kulalamika. Ilichapa risiti za shilingi 0, safi kabisa, na tarehe juu. Mzee mmoja akaigeuza risiti yake mara mbili, akauliza, "Mwanangu, kwani machungwa yangu nimeyatoa sadaka?" Ningeacha int bei, tupu, gcc, kompaila inayogeuza kodi kuwa programu, ikiwa na swichi za -Wall (maonyo) na -O2 (uchambuzi wa kina), ingeninong'oneza kwamba kuna njia inayofika kwenye risiti bila bei. Sifuri yangu ndiyo iliyoiziba mdomo.

Tangaza kigeu pale unapokuwa na cha kukipa. C99, toleo la lugha la 1999, inaruhusu; kuvirundika juu ni mazoea ya C89, toleo la kabla yake.

Kwenye pointa, kigeu kinachoshika anwani ya kumbukumbu, nalegeza kidogo. Pointa ya takataka inaweza kuandika kwenye kiwanja cha mwenzio kimyakimya. Ya NULL, yaani isiyoelekea popote, ukiitumia kwenye Linux, kwa kawaida huanguka palepale, nami kuanguka palepale nakupenda. Ila usinitambie p = NULL baada ya free, yaani baada ya kuiachia kumbukumbu. Umeisafisha p peke yake. Nakala yake q bado inaelekea nyumba iliyokwisha kubomolewa.

Ukitaka sifuri za kujikinga na wadukuzi, mwachie kompaila kwa swichi hii: -ftrivial-auto-var-init=zero, gcc 12 kwenda juu, na maonyo yanabaki.

Tukazifuta sifuri zake zote, tukakompaili. Maonyo matatu. Mawili ya uongo, kompaila haikuufuata mzunguko wa while, sehemu inayojirudia. Nikahangaika kuupanga upya, nikashindwa, nikazirudisha sifuri mbili huku naona haya. La tatu lilikuwa kwenye jumla ya mshahara. Kijana akavuta kiti karibu.