Kihisi cha nishati ya seli ni nini?

Karibu kila kazi ya seli, iwe kukaza msuli au kusukuma chumvi nje ya neva, huendeshwa na molekuli iitwayo ATP. Njia ya zamani ya kuipima ni kukata tishu, kuigandisha upesi, kuisaga, kisha kuitilia lusiferasi, kimeng'enya cha kimulimuli kinachotoa mwanga kikikutana na ATP. Vipimo hivyo ni sahihi, ila vya uji: seli za kila aina zimekwisha changanywa, na mnyama keshakufa.

Kihisi kinachong'aa ni protini ambayo seli hujitengenezea yenyewe, baada ya mnyama kupandikizwa jeni yake. Chukua ATeam, kilichotangazwa na watafiti wa Japani mwaka 2009. Katikati yake kuna kipande cha protini ya bakteria kinachonasa ATP. Mwisho huu kuna protini inayong'aa samawati, mwisho ule ya njano, zote jamaa za protini ya kijani ya yavuyavu wa baharini. ATP ikinaswa, kipande cha kati hujikunja na ncha mbili husogeleana, umbali wa nanomita chache tu. Sasa ukiimulika ile ya samawati, nishati yake humrukia jirani: njano inapanda, samawati inafifia.

Kinachosomwa, basi, ni uwiano wa rangi mbili. Wengi huteleza hapa wakidhani seli inayong'aa zaidi ndiyo yenye nishati zaidi, kumbe huenda ina vihisi vingi tu. Na mnyoo C. elegans, anayependwa maabara kwa kuwa mwili wake wa milimita moja hupenywa na mwanga, akijipinda chini ya hadubini rangi zote mbili hufifia pamoja, lakini uwiano hauyumbi sana.

Kwa panya kazi ni ngumu, maana tishu nene hutawanya mwanga. Ndiyo maana kuna toleo la kijani na chungwa, na hadubini ya fotoni mbili, inayoona ndani zaidi ya tishu. Tena ATeam huathiriwa na joto, na vihisi vingine na asidi ya seli.

Binafsi naona mtego mkubwa ni kusoma utulivu kama mapumziko. Msuli unaofanya kazi unaweza kutumia ATP na kuitengeneza kwa kasi ileile, na rangi isibadilike hata kidogo. Kasi hiyo huonekana pale mtafiti anapozima mitokondria, viwanda vya ATP ndani ya seli, kwa dawa na kutazama njano inavyoshuka.