Je, wajua kwa nini filamu ya Ringu ina sehemu ya pili mbili?

Ukiwakuta watu wawili wanabishana kuhusu sehemu ya pili ya Ringu, ile filamu ya Kijapani ya mkanda wa video unaoua, waulize kwanza: sehemu ya pili ipi? Ziko mbili. Zilitoka ndani ya mwaka mmoja, na kila moja inasimulia habari kana kwamba mwenzake hajawahi kuzaliwa.

Kwa ambaye hakuiona ya kwanza, kisa ni hiki. Kuna mkanda wa video. Ukishautazama, simu inalia, na baada ya siku saba unakufa. Mwandishi wa habari Reiko Asakawa anautazama, kisha mwanawe mdogo Yoichi naye anautazama, na mama wa watu anahangaika kutafuta chanzo mpaka anafika kwenye kisima alimotupwa Sadako Yamamura, binti aliyekuwa na uwezo wa ajabu. Anaitoa mifupa yake humo akidhani amemaliza kazi. Hajamaliza. Kinga ni moja tu: unakili mkanda na umtazamishe mtu mwingine. Unapona kwa kumtwisha mwenzako mzigo.

Hadithi hiyo inatoka kwenye riwaya ya Koji Suzuki ya mwaka 1991, na mwandishi huyo aliandika mwendelezo wake, Rasen, mwaka 1995. Watayarishaji wa sinema hawakungoja waone ya kwanza itapokewaje. Walitengeneza zote mbili kwa pamoja na kuziachia siku moja, tarehe 31 Januari 1998, zikionyeshwa kwa tiketi moja. Ringu iliongozwa na Hideo Nakata kwa skripti ya Hiroshi Takahashi, na Rasen ikaongozwa na Jōji Iida. Miki Nakatani na Hiroyuki Sanada walicheza kwenye zote mbili. Huyo Sanada ndiye yule aliyeshinda Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, mwaka 2024 kwa tamthilia ya Shōgun.

Watu wakatoka ukumbini wakizungumzia filamu moja tu. Ringu ikawa gumzo, Rasen ikasahaulika. Ndipo Nakata na Takahashi wakaitwa tena, wakaandika mwendelezo mpya usioitambua Rasen hata kidogo, na Januari 1999 ikatoka Ringu 2.

Sasa, kwa nini Rasen ilikataliwa hivyo? Ndani yake daktari Andō anapasua maiti ya rafiki yake wa chuo, ambaye aliuawa na Sadako mwishoni mwa filamu ya kwanza, na hatua kwa hatua inabainika kwamba kinachoua ni kirusi kinachofanana na cha ndui. Mzimu umegeuka ugonjwa. Mtazamaji aliyekuwa amejikunja kitini saa moja nyuma, akimwona Sadako anatambaa kutoka kwenye televisheni, sasa anaambiwa habari za maabara. Naelewa hasira yake. Lakini nikiitazama peke yake, naiona ni filamu ya majonzi kuhusu Andō, baba aliyefiwa na mtoto wake mdogo majini, ambaye angekubali chochote ili amrudishe. Ilionewa kwa kuwekwa bega kwa bega na Ringu usiku uleule.

Ili ugomvi huu ueleweke vizuri, ni lazima kujua Sadako ni kiumbe wa aina gani. Si jini, wala si pepo. Wajapani wana neno onryō, yaani roho ya mtu aliyekufa na kinyongo, inayorudi kudai. Ni imani ya kale sana. Mwanazuoni Sugawara no Michizane alisingiziwa na wapinzani wake, akafukuzwa mji mkuu, na kufia uhamishoni mwaka 903. Maafa yalipoandamana, na radi ilipopiga kasri la mfalme mwaka 930, watu waliamini ni yeye. Mwaka 947 akajengewa hekalu la Kitano huko Kyoto ili atulie. Kwenye jukwaa la kabuki, maigizo ya jadi ya Kijapani, tangu mwaka 1825, yuko Oiwa, mke aliyesalitiwa na mumewe na kupewa sumu iliyomharibu uso, anayerudi kumfuata mume huyo popote aendapo. Na yuko Okiku, mtumishi aliyetupwa kisimani, anayehesabu sahani usiku, moja mpaka tisa, asiione ya kumi.

Angalia kinachowaunganisha wote hao. Kila mmoja alitendewa ubaya na mtu anayejulikana. Mzimu wa namna hiyo hauhitaji kuelezwa na daktari. Unahitaji tu tuone nani alikosa.

Ringu 2 inayumba hapohapo, na hapohapo inang'aa. Wanaoichukia watakutajia bwawa. Daktari Kawajiri anaamini nguvu za Sadako zilizomwingia Yoichi zinaweza kuvutwa na kumezwa na maji, basi anamketisha mtoto kando ya bwawa, kamfunga mitambo, huku sindano za mashine zikicheza. Ni kosa lilelile la Rasen kwa nguo nyingine, na mimi naungana na wanaolalamika: mzimu uliokuwa ukitutisha kwa ukimya sasa unapimwa kama umeme. Zaidi ya hayo, Reiko, mama tuliyemfuata filamu nzima ya kwanza, anakufa kwa kugongwa na lori, na mtazamaji aliyempenda anajiona kaachwa njiani.

Ila wanaoipenda wana hoja, na wengi wao wataanza na Kanae.

Kanae ni msichana wa shule. Mwandishi wa habari Okazaki anayefuatilia habari za mkanda anamtaka amtafutie nakala. Kwa kuipata, binti anajikuta ameitazama, na siku zake zinahesabika. Anamsihi Okazaki autazame na yeye ili apone. Okazaki anaahidi. Kisha anaurudisha moyo nyuma, anauficha mkanda kwenye droo ya meza yake ofisini, na binti anakufa.

Baadaye Okazaki anakaa peke yake mbele ya mashine za kuhariria, anataka kufuta mahojiano aliyomrekodi Kanae. Kwenye skrini binti ameinamisha kichwa, nywele zimefunika uso. Picha inakataa kufutika. Kichwa kinaanza kutikisika, kinarudi na kwenda, kasi ikiongezeka, na kile chumba kidogo chenye vitufe na taa kinakuwa kama kaburi. Hakuna damu. Hakuna Sadako. Kuna mtu aliyeahidi na hakutimiza, na aliyeahidiwa anamtazama.

Hapo ndipo naona Nakata na Takahashi walipata walichokuwa wanatafuta. Kanae ni Oiwa wa enzi za video. Tumeushuhudia usaliti kwa macho yetu, droo tumeiona ikifungwa, kwa hiyo anaporudi hatuulizi kwa nini. Sadako wa filamu hii ameshachoka kwa maelezo, lakini kinyongo kipya kimezaliwa pembeni yake, na kinatisha kwa sababu kina haki.

Hivyo anayekwambia Ringu 2 ni mbovu na anayekwambia ni nzuri huenda kila mmoja ameshika nusu yake. Mmoja alikuwa akimfuata Yoichi hadi bwawani, mwingine alikuwa akimfuata Okazaki. Na kila nikiirudia, nami hujikuta naharakisha sehemu ya bwawa ili nifike mwisho, hospitalini, ambako Okazaki amelazwa katika wodi ya wagonjwa wa akili. Muuguzi anampiga picha kwa kamera ya Polaroid, ile inayotoa picha papo hapo. Anaitazama ile picha, anashtuka, anaondoka zake. Okazaki anabaki ameketi, na nyuma yake Kanae anacheka.