Mkopo haupunguzi gharama: hesabu ya duka dogo nchini Kenya

Gharama zinapopanda, wafanyabiashara ninaowatayarishia hesabu huniuliza kama serikali ina msaada wowote kwa ajili yao. Msaada upo, lakini sehemu yake inayotangazwa zaidi huja kwa njia ya mkopo, na mkopo humfaa aliyepungukiwa na mtaji. Mtu ambaye faida yake inaliwa na umeme, nauli na ushuru ana tatizo la aina nyingine kabisa.

Tarehe 30 Novemba 2022 Rais William Ruto alizindua Hazina ya Hasla, inayokopesha kati ya shilingi 500 na 50,000 kupitia simu kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Silidharau jambo hilo hata kidogo. Anayekopa shilingi 10,000 na kuzirudisha baada ya siku 14 hulipa riba ya takriban shilingi 31, na kwa mama mboga anayenunua bidhaa alfajiri na kuzimaliza jioni, huo ni mkopo wa nafuu kweli. Kinyozi ambaye bili yake ya umeme imepanda hapati nafuu hiyo hiyo, kwa kuwa fedha atakazokopa kulipia umeme hazimzalishii chochote cha ziada, bili ya mwezi ujao itakuja ikiwa juu vile vile, na juu yake atakuwa na deni.

Wakati mkopo huo unazinduliwa, gharama zenyewe zilikuwa zinasukumwa juu na maamuzi ya serikali hiyo hiyo. Ruzuku ya petroli ilikuwa imeondolewa Septemba 2022, na bei jijini Nairobi ikapanda kutoka shilingi 159.12 hadi 179.30 kwa lita. Nakubali kwamba ruzuku ile ilikuwa na kasoro: tozo ya shilingi 5.40 kwa lita iliyosaidia kuigharimia ilitoka kwa wanunuzi wa mafuta wenyewe, na aliyenufaika zaidi ni yule aliyejaza tangi kubwa zaidi. Hata hivyo, Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha ushuru wa ziada wa thamani, yaani VAT, kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, na Julai mwaka huo lita moja ya petroli ikauzwa shilingi 195.53. Mwenye duka asiye na gari alilipa ongezeko hilo kupitia nauli ya matatu na gharama ya kusafirishiwa bidhaa.

Kipengele kilichowaumiza wateja wangu kuliko vyote kilikuwa katika sheria hiyo hiyo. Ushuru wa mauzo, ambao hutozwa biashara zenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, ulipanda kutoka asilimia 1 hadi 3. Ushuru huu hukokotolewa kwa mauzo yote kabla ya kuondoa gharama yoyote, na hapo ndipo penye uzito wake. Tuchukue mfano wa duka la rejareja linalouza bidhaa za shilingi 300,000 kwa mwezi na kubaki na asilimia 8 baada ya kulipia bidhaa, yaani shilingi 24,000. Tukiondoa kodi ya chumba 8,000, umeme 3,000 na usafiri 5,000, zinabaki shilingi 8,000. Kwa asilimia 1, ushuru ni 3,000 na mwenye duka anaondoka na 5,000. Kwa asilimia 3, ushuru ni 9,000, kwa hiyo mwezi unaisha akiwa na hasara ya shilingi 1,000, ingawa hakuna siku aliyofanya kazi pungufu.

Ndiyo maana naamini kwamba msaada bora zaidi kwa biashara ndogo katika miaka ya karibuni ulikuwa uamuzi wa Aprili 2020, wakati wa janga la Uviko, wa kuupunguza ushuru huo kutoka asilimia 3 hadi 1. Hakuna aliyejaza fomu ya maombi wala kusubiri kuchaguliwa, na hakuna aliyetakiwa kurudisha kitu. Fedha zilibaki dukani, palepale zilipohitajika.

Kwa mwenye duka kama huyu ipo njia ambayo wengi hawaambiwi. Sheria inamruhusu kumwandikia Kamishna wa Mamlaka ya Mapato kuomba atoke kwenye ushuru wa mauzo na atozwe ushuru wa kawaida wa mapato, ambao huangalia faida. Kiwango cha kwanza ni asilimia 10 kwa shilingi 24,000 za mwezi, na nafuu ya kibinafsi, yaani kiasi ambacho kila mlipaji hupunguziwa kwenye ushuru wake wa mwezi, ni shilingi 2,400, hivyo mtu ambaye faida hiyo ya shilingi 8,000 ndiyo mapato yake yote hatalipa ushuru wa mapato. Sharti ni kuweka kumbukumbu: tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa Mamlaka hiyo wa ankara za kielektroniki, kwa kawaida haikubaliwi kuondolewa kwenye mapato, hivyo mwenye duka hana budi kuidai ankara hiyo kwa kila msambazaji anayemuuzia. Fundi wa simu au msusi ambaye nusu ya mauzo yake ni faida asikimbilie njia hii, kwa maana kwake asilimia 3 ya mauzo huenda ikawa ndogo kuliko ushuru wa faida. Hesabu ya miezi mitatu, iliyoandikwa kwa ukamilifu, kwa kawaida hutosha kumwonyesha kila mmoja yuko upande gani kabla hajaandika barua hiyo.