Fereti, nguchiro na paka: mambo ya kujua kabla hujaleta mnyama nyumbani Malindi

Kila tunapoingia kwenye kampeni ya chanjo ya kichaa cha mbwa, wiki zile za kuelekea Septemba 28, meza yetu ya ofisi ya mifugo hupokea mbwa, paka, na siku hizi swali moja linalojirudia: "Daktari, fereti anafugika hapa?" Malindi ni mji wenye Wataliano wengi, na neno "furetto" limeingia mitaani pamoja nao. Video za simu zimemaliza kazi iliyobaki. Tunajibu hapa kwa pamoja, ili foleni ya chanjo ibaki ya chanjo.

Wapo wasiouliza. Hao huletewa kitoto cha mnyama mrefu wa kahawia ndani ya boksi la viatu, na muuzaji amekiita fereti. Hicho ni kitoto cha nguchiro. Fereti hazaliwi porini Kenya, wala hanaswi shambani Ganda au Gongoni. Ni mnyama wa kufugwa, uzao wa mnyama wa jamii ya kicheche wa Ulaya, na amekaa na binadamu takriban miaka 2,000. Jamaa zake walioko huku ni kicheche mwenye milia myeupe mgongoni, nyegere na fisimaji. Nguchiro ni wa ukoo mwingine kabisa.

Kuwatofautisha si kazi. Chukua unywele mmoja wa nguchiro uutazame juani: rangi inapishana, giza na mwanga, kama ukili uliosukwa kwa miyaa ya rangi mbili. Ndiyo maana anaonekana kama amenyunyiziwa majivu. Mkia wake ni mnene shinani na umechongoka nchani. Fereti ana manyoya ya ndani yenye rangi ya malai na ya nje yaliyokoza, na wengi wana kitu kama kinyago cheusi machoni. Wengine ni weupe wenye macho mekundu. Dume hufika kilo 1 hadi 2, jike huwa nusu ya hapo.

Kwa nini tunasisitiza? Kwa sababu nguchiro ni mnyamapori. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 kinasema anayekutwa na nyara bila kibali hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 1, au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote viwili. Neno "nyara" huwapoteza watu. Hudhani ni pembe za ndovu na ngozi za chui tu. Sheria imelieleza kuwa ni mnyamapori yeyote, hai au mfu, pamoja na mfupa, ukucha, manyoya au jino lake. Basi hoja ya "nimemwokota", "nimemlea tangu mdogo", au "nimempa watoto wacheze" haiondoi kosa. Mwezi Mei 2025 mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza watu wanne shilingi milioni 1 kila mmoja, au wakishindwa kulipa, kifungo cha miezi 12, na walichokutwa nacho ni sisimizi hai ndani ya mirija. Ikiwa sisimizi wamefika huko, nguchiro wa boksi asikutie moyo.

Aliye naye tayari ampeleke ofisi ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, au apige simu waje. Asimwachie njiani usiku karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke akadhani amefanya wema. Mnyama aliyelelewa kwa maziwa na mkate hajui kuwinda, na kama ana ugonjwa wa mbwa wa mtaani anaupeleka msituni.

Sasa fereti mwenyewe. Kikwazo chake kikubwa pwani ni joto, na hapa ndipo watu hawatusikii. Fereti hana tezi za jasho za kumfaa. Hali ya hewa inayomkaa vizuri ni kati ya nyuzi 15 na 24 za Selsiasi. Kuanzia 27 huanza kuteseka, na ikipita 30 kwa saa chache anaweza kufa. Malindi, wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, adhuhuri hupita 30, tena kwa unyevu. Hata kusi ikivuma, Julai, adhuhuri haishuki chini ya 24. Kwa maneno mengine, hakuna mwezi wowote wa mwaka ambao mnyama huyu atakaa salama mchana bila chumba chenye kiyoyozi.

"Nina feni." Feni humpoza binadamu kwa kukausha jasho lake. Fereti hana jasho la kukaushwa. Feni inampulizia hewa ileile ya moto. Na stima ikipotea saa saba mchana, una saa chache tu. Mwenye kuamua kumfuga lazima awe na jenereta, au angalau chupa za maji za lita 1.5 zilizogandishwa, azizungushie taulo na kuziweka pembeni mwa kizimba, mnyama aegemee mwenyewe akitaka.

Dalili za kuzidiwa na joto ni kuhema mdomo wazi, ute kutoka, masikio na vidole kuwa vyekundu, kisha kulegea. Mloweshe miguu na tumbo kwa maji ya bomba ya kawaida, hapo ndipo feni inafaa, halafu umkimbize kwa daktari. Usimtumbukize kwenye maji ya barafu: mishipa ya ngozi hujikunja, joto likafungiwa ndani.

Lakini usichanganye kulegea huko na usingizi. Fereti hulala saa 14 hadi 18 kwa siku, na usingizi wake ni mzito hata ukimwinua ananing'inia kama kitambaa. Mwenye afya ataamka baada ya dakika moja au mbili, aanze kurukaruka. Saa zake za kuamka anahitaji kutolewa kizimbani angalau saa 4 kila siku, kwa miaka 6 hadi 8. Piga hesabu hiyo kabla ya kupiga hesabu ya bei.

Nyumba zetu nazo si rafiki kwake. Tundu la sentimita 3 linamtosha kupita, na nyumba ya makuti ni matundu matupu: juu ya ukuta, chini ya mlango wa uani, mdomo wa mfereji wa maji machafu. Akitoka harudi kama paka. Hajui njia ya nyumbani. New Zealand walipeleka fereti miaka ya 1880 wapunguze sungura, wakaishia kula ndege wa huko wanaotaga chini, na mwaka 2002 nchi hiyo ikapiga marufuku kuwauza na kuwazalisha. Sisi tuna sange mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, Arabuko-Sokoke, ambaye duniani ni nadra kumpata kwingine. Hatutaki jaribio hilo hapa.

Ndani ya nyumba hatari yake ni ndara. Fereti hupenda kutafuna mpira, akamega kipande cha ukubwa wa punje ya kunde na kukimeza. Utumbo wake ni mwembamba; kipande kinakwama. Huacha kula, husaga meno, hutapika au hukosa choo, na dawa yake ni upasuaji. Si mafuta ya nyonyo, si maji ya chumvi.

Chakula chake ni nyama na tena nyama. Chakula hupita tumboni kwa saa 3 au 4 tu, kwa hiyo hula mara 8 hadi 10 kwa siku kidogo kidogo, na lazima kiwepo wakati wote. Kwa kilo moja ya mwili, ni gramu 40 hadi 60 za chakula kikavu cha nyama chenye protini zaidi ya asilimia 30 na mafuta asilimia 15 hadi 20. Chakula bora cha paka wachanga kinaweza kufaa, pamoja na kuku. Ugali na wali hawezi kuvimeng'enya. Samaki mbichi kila siku humkosesha vitamini B1. Tende na biskuti msimpe, hata akizililia.

Magonjwa yake ndiyo yanayotutia wasiwasi zaidi kitaalamu. La kwanza ni distempa, ugonjwa uleule unaoua watoto wa mbwa mitaani. Fereti asiyechanjwa akiupata, karibu wote hufa, na virusi vinaweza kuingia na viatu vyako. Wengi hujibu, "Si nitampeleka achanjwe na mbwa?" Hapana. Chanjo ya mseto ya mbwa ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na baadhi ya aina zake zinaweza kumletea fereti ugonjwa wenyewe. Anahitaji chanjo iliyothibitishwa kwake. Kama hujapata mahali pa kuipata na daktari wa kuichoma, hujawa tayari kumfuga.

La pili linahusu jike. Akiingia joto la kutaka dume bila kupandishwa hubaki kwenye hali hiyo wiki kwa wiki, homoni huzuia uboho usitengeneze damu, ufizi hupauka na anakufa. Asiyekusudiwa kuzaa atolewe ovari mapema. Mafua ya binadamu nayo huyapata, na hukurudishia. Ibuprofen na dawa nyingine za maumivu za watu ni sumu kwake.

Ama harufu, ipo. Kumwogesha kila siku huiongeza, kwa sababu ngozi hutoa mafuta zaidi kufidia yaliyooshwa. Kama manyoya yake yanaharibu nguo ya swala, ulizeni mashehe. Hilo si la ofisi ya mifugo.

Panya? Hili ndilo linalosemwa sana Lamu na Malindi, kwamba fereti atamaliza panya. Ulaya alitumiwa kuingia shimoni na kuwatimua sungura, mtu akiwasubiri mdomoni mwa shimo na wavu. Hapa panya wako juu, kwenye makuti na kati ya boriti. Panya mkubwa humng'ata fereti vibaya, na panya aliyekula sumu humuua anayemla. Zibeni matundu yanayozidi milimita 12 kwa wavu wa chuma na saruji, fungeni pipa la taka, tegeni mitego. Inachosha, lakini ndiyo njia.

Anayebaki na nia baada ya yote haya afuate utaratibu wa karatasi, na aufuate kwa mpangilio huu huu. Kwanza ni kibali cha kuingiza mnyama kutoka Kurugenzi ya Huduma za Mifugo, chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364. Kibali hutangulia, mnyama hufuata. Ombi litaje aina ya mnyama, idadi, nchi anakotoka, kusudi, na mahali atakapoingilia. Masharti yaliyoandikwa kwenye kibali apewe daktari wa mifugo wa serikali ya nchi anakotoka, naye atoe cheti cha afya kinachoyajibu moja baada ya jingine. Cheti kinachosema tu "mnyama ni mzima" hakitoshi. Majina, tarehe na namba zilingane kwenye karatasi zote. Herufi moja tofauti inatosha kumzuia mnyama bandarini.

Chipu, yaani kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi, huwekwa kabla ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Hapa watu hukosea mara nyingi. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya, chanjo iliyochomwa kabla ya chipu haihesabiki, mnyama lazima awe amefikisha wiki 12, na baada ya chanjo ya kwanza kuna siku 21 za kusubiri. Wageni wanaokuja naye kutoka Italia wajue pia safari ya kurudi. Kenya haimo kwenye orodha ya nchi ambazo Ulaya imezipunguzia masharti, kwa hiyo damu yake hupimwa kinga, sampuli ikichukuliwa siku 30 au zaidi baada ya chanjo, kiwango kisipungue 0.5 IU/ml, kisha miezi 3 ya kungoja. Akipimwa kabla ya kuondoka Ulaya na matokeo yakaandikwa kwenye pasipoti yake, hiyo miezi 3 haimhusu, mradi chanjo haijakatika. Watu hukumbuka jambo hili wakiwa na tiketi mkononi, wakaja kutuomba barua. Barua yetu haibadilishi sheria ya Ulaya.

Mnyama aliyefika bila kibali anaweza kurudishwa, kuzuiliwa au kuuawa, gharama zikiwa za mwenyewe. Kumficha ndani ya begi la mkononi kunaongeza kosa, na kwa joto la begi anaweza kufika amekufa.

Akikung'ata fereti, nguchiro, paka au mbwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, ukitazama saa. Usitie mafuta ya taa, ndimu, tumbaku wala pilipili. Nenda hospitali siku hiyohiyo, umalize sindano zote hata kama kidonda kimepona, maana kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba. Mbwa, paka au fereti mwenye mmiliki hufungiwa na kuangaliwa siku 10. Nguchiro haangaliwi hivyo. Kichwa chake hupelekwa maabara. Kwa hiyo ukimwua, usiponde kichwa.

Kwa nyumba nyingi za Malindi na Lamu ushauri wetu ni paka, na wako tele. Mlete achanjwe akiwa na miezi 3 au zaidi, kisha kila mwaka, pamoja na kadi yake ya chanjo ya mwaka uliopita. Mtie kwenye kapu lenye kifuniko au ndani ya foronya iliyofungwa mdomo, kitambaa chepesi apate hewa. Wa kubebwa mikononi hutoroka akisikia mbwa wa kwanza kubweka, na kumtafuta chini ya magari si sehemu ya huduma.