"Mwanangu Asije Akawa Teja": Dhana Potofu Kuhusu Dawa za ADHD na Ukweli Wake

Wiki iliyopita niliulizwa swali moja na wazazi watatu wasiojuana, kila mmoja akilitoa kwa sauti ya chini: "Daktari, mwanangu asije akawa teja?" Nimelijibu swali hilo kwa miaka mingi hapa Mombasa na ninaelewa linakotoka, kwa sababu katika mji ambao karibu kila mtaa una maskani yake na kijana wake aliyepotelea kwenye unga, mzazi anayesikia kwamba mtoto wake ameandikiwa dawa ya kuchangamsha ubongo kwa ajili ya ADHD, hali inayomfanya mtoto ashindwe kutulia na kuwa makini, ana haki ya kushtuka. Nisichoweza kukivumilia ni kwamba hofu hiyo, hata baada ya kujibiwa, hurudi nyumbani, husikiliza majirani, kisha humfanya mzazi azitupe dawa chooni siku ya kumi, kabla hatujakipata kipimo kinachomfaa mtoto.

Dhana yenyewe haikuzuka hewani. Mzazi amesoma kwenye simu kwamba methilifenideti, ambayo ndiyo dawa iliyomo ndani ya Ritalin na Concerta, hufanya kazi mahali pale pale ambapo kokeni hufanya kazi, na kwamba amfetamini, dawa nyingine ya ADHD, ni jamaa ya kathinoni, kichangamshi kilichomo kwenye miraa na muguka. Yote mawili ni kweli. Seli za ubongo hutoa dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kati yao, kisha huirudisha ndani kwa njia maalumu. Methilifenideti huiziba njia hiyo, na kokeni huiziba vilevile. Kosa ni kudhani kwamba hatari yote imo katika mahali dawa inapogusa, ilhali jambo lenye uzito mkubwa zaidi ni kasi ambayo dawa inapafikia. Mtafiti wa ubongo Nora Volkow na wenzake nchini Marekani walipopiga picha za ubongo, kuanzia miaka ya 1990, walikuta kwamba methilifenideti iliyodungwa kwenye mshipa hufika kilele chake ubongoni ndani ya dakika chache na kumpandisha mtu stimu, lakini ile iliyomezwa kwa kipimo cha tiba huchukua takribani saa nzima kufika, na ingawa huziba sehemu kubwa ya njia zile zile, kwa kawaida aliyeimeza hapati raha ya ghafla ambayo ataitamani tena.

Kutokana na hayo, kidonge kile kile kinaweza kuwa tiba au balaa kutegemea kinavyotumiwa. Akikisaga mtu na kukivuta puani, au akameza vingi kwa mkupuo ili akeshe, ameiondoa dawa kwenye njia yake ya polepole, na hapo uraibu ni hatari halisi ambayo sitaipuuza. Ndiyo maana methilifenideti na amfetamini zimewekwa chini ya udhibiti wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, na ndiyo maana mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza tahadhari kwenye karatasi za dawa hizi zote iboreshwe, ikitaja waziwazi hatari ya kugawiana vidonge. Kwa hiyo, badala ya kuniuliza kama mtoto wa miaka tisa atakuwa teja, mzazi aniulize vidonge vinakaa wapi, nani ana ufunguo wa kabati, na kama binamu aliye chuoni huja kulala wikendi. Mimi huwaambia wavihesabu kila Jumapili, na wengi hunicheka.

Kinachoniudhi zaidi ni kuchanganywa kwa mambo matatu: mwili kuizoea dawa hadi kipimo kile kile kipungue nguvu, mwili kuitegemea hadi usumbuke ikikosekana, na uraibu. Uraibu ni kuitafuta dawa kwa nguvu ingawa inaharibu maisha, kudanganya kwa ajili yake, na kuongeza kipimo kwa siri. Nimewatibu watu wanaotumia heroini, na sijawahi kumwona hata mmoja ambaye mama yake humkumbusha kila asubuhi asisahau unga wake, lakini malalamiko ninayoyasikia mara nyingi kuhusu watoto wenye ADHD ni kwamba husahau kidonge, hukificha chini ya ulimi, au hukitupa nyuma ya kochi. Tafiti zilizowafuatilia watoto waliotibiwa kwa dawa hizi hazikuonyesha kwamba tiba yenyewe huwaongezea uwezekano wa kutumia mihadarati baadaye. Baadhi zilikuta hatari imepungua, nyingine hazikuona tofauti. ADHD yenyewe ndiyo inayoandamana na hatari hiyo, hasa kijana anapoachwa afeli shule na afukuzwe kila anapokwenda.

Dhana hiyo ina mwanawe, nayo ni "arosto ya jioni". Kidonge cha kawaida cha methilifenideti hufanya kazi kwa saa 3 hadi 4, na vile vya muda mrefu hufika saa 8 au 12 kutegemea vilivyotengenezwa. Mtoto aliyemeza kidonge cha saa 8 saa moja asubuhi huishiwa na dawa saa tisa alasiri, akafika nyumbani nusu saa baadaye akiwa na njaa, amechoka, analia kwa jambo dogo, na mama aliyemngoja mlangoni husema mwili unadai dawa. Huo ni mrejeo wa dalili wa muda mfupi dawa inapoisha, nao hurekebishwa kwa kubadilisha saa, kipimo au aina ya kidonge, na mara nyingine kwa sahani ya chakula tu. Kwa kipimo cha tiba, mtoto akikosa dawa siku moja dalili zake za ADHD hurudi, na huo ndio mwisho wa habari. Mtu aliyetumia vipimo vikubwa kwa muda mrefu ni suala jingine, kwani akiacha ghafla anaweza kuchoka na kuzama katika huzuni nzito, na anahitaji kuangaliwa kwa karibu.

Yaliyobaki nitayapitia haraka. Wapo wanaosema kwamba dawa ikimtuliza mtoto basi imethibitisha ana ADHD. La hasha, kwani mtafiti Judith Rapoport na wenzake walionyesha mwaka 1978 kwamba hata wavulana wasio na tatizo hilo hutulia na kuwa makini zaidi wakipewa amfetamini. Wanafunzi wanaozitafuta kabla ya mtihani wajue kwamba utafiti uliochapishwa mwaka 2023, ukiongozwa na watafiti wa Melbourne, uliwakuta watu wazima wasio na ADHD wakijitahidi zaidi baada ya kumeza dawa hizi huku ubora wa kazi yao ukishuka. Mzazi anayekuta ganda la Concerta kwenye choo cha mtoto asiseme dawa haikuingia mwilini, kwa kuwa ganda hilo limetengenezwa lisiyeyuke, nalo hutoka baada ya kuachia dawa iliyokuwemo. Mtoto akiduwaa kama sanamu, hiyo si sura ya kawaida ya tiba. Mara nyingi kipimo kimezidi, na ninataka nipigiwe simu siku hiyo hiyo.

Kuhusu urefu, wazazi wana hoja. Dawa hizi hupunguza hamu ya chakula na zinaweza kupunguza kasi ya kukua kwa sentimita moja au mbili kwa baadhi ya watoto, kwa hiyo ninawapima urefu, uzito, mapigo ya moyo na presha kila wanaporudi, na kabla ya kuanza huuliza kama kuna ugonjwa wa moyo au kifo cha ghafla katika ukoo. Ushauri wangu, ambao wauguzi wangu wanauimba kwa kejeli, ni mtoto ale kabla ya kumeza kidonge, uji mzito na yai hasa, si chai ya rangi na mandazi mawili, na apewe chakula cha pili cha nguvu usiku hamu inaporudi, hata kama ni saa mbili na nusu na kila mtu ameshakula. Vilevile mzazi aandike kwenye daftari kwa siku 14 saa ya kumeza dawa, saa ya kula, saa ya kulia na saa ya kulala. Daftari hilo hunionyesha kidonge kinapoishia, na mara kadhaa limenifanya nishushe kipimo badala ya kukipandisha.