Chokaa ndiyo inayoipa nguvu tumbaku ya tambuu
Ukifungua kijaluba cha tambuu, Unguja au Pemba, utakuta majani ya mtambuu, popoo, chokaa na tumbaku, pengine na katu (utomvu mkavu wa mti). Wengi hudhani chokaa ni ya kuleta wekundu tu. Wekundu huchangia, lakini kazi yake nzito ni kwenye nikotini, kilevi kilicho ndani ya tumbaku.

Nikotini hupenya ngozi laini ya shavu ikiwa haina chaji ya umeme. Mate yenye pH 7 (pH ni kipimo cha asidi; ikipanda, asidi imepungua) huiacha kama sehemu moja tu kati ya kumi katika hali hiyo. Chokaa ikipandisha pH hadi 8, inakuwa nusu. Ikifika 9, tisa kati ya kumi. Tumbaku ni ile ile, lakini damu inapata nyingi zaidi. Ndiyo sababu asiyezoea hupata kizunguzungu, jasho na kichefuchefu kwa tambuu moja. Chokaa ikizidi pia hubabua shavu.

Moshi wa sigara huifikisha nikotini kwenye ubongo kwa sekunde chache; ya tambuu hupanda taratibu, kiasi cha nusu saa. Ikishaingia mwilini, nusu yake huondoka kila baada ya saa 2 hivi. Aliyetafuna wakati wa daku, kufika adhuhuri amebaki na chini ya moja ya nane. Hasira na kichwa kizito cha mchana wa Ramadhani, basi, si njaa peke yake. Hali hiyo huwa kali zaidi siku 2 au 3 za mwanzo za kuacha, kwa hiyo aliyezipita asirudie tumbaku baada ya futari.

Chingamu ya nikotini humsaidia anayeacha, kati ya futari na daku. Tafuna polepole mpaka iwashe, ibane shavuni, ikipoa tafuna tena, kwa nusu saa. Ukiitafuna mfululizo unameza nikotini, na malipo yake ni kwikwi na kiungulia. Kahawa, ukwaju na ndimu zina asidi, zinaizuia isipenye. Ziache robo saa kabla.

Kutoa tumbaku ukabakisha popoo hakutoshi, nalisisitiza hili: popoo yenyewe husababisha saratani ya mdomo, na hukakamaza mashavu. Jipime kwa vidole vitatu vilivyopangwa wima kati ya meno ya mbele. Visipopita, au ukiona baka jeupe au kidonda kisichopona kwa wiki 2, nenda kliniki ya meno.